Nywele za Bibi wa Tanga: Mafuta ya Nazi, Mkasi wa Shule na Dawa ya Saluni

Tanga ina sifa zake. Itaje tu Dar, mtu atakwambia habari za mapishi, mahaba, na ule msemo wa waja leo waondoka leo. Nywele hazitajwi sana, maana mwanamke wa pwani akitoka nje kichwa kimo ndani ya kanga au buibui, mpita njia haoni kitu. Lakini uani, kuanzia Pangani mpaka Moa, kulikuwa na kazi inayofanyika kila wiki, na ilikuwa na utaratibu wake kama wa jikoni.

Nyumba nyingi ziliifanya Alhamisi jioni, ili Ijumaa imkute mtu safi. Bibi juu ya kigoda, mjukuu chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti. Msuko wa zamani unafumuliwa kwa vidole, taratibu. Mafuta yanapakwa kwanza, kabla ya maji, ngozi ya kichwa inasuguliwa, ndipo nywele zinaoshwa. Zikiwa na unyevunyevu bado zinagawanywa mafungu, zinachanwa kwa chanuo la mti kuanzia nchani kurudi kwenye shina, kisha zinasukwa. Kama kuna haraka, basi twende kilioni: mistari inayokwenda moja kwa moja nyuma, msuko wa mtu asiye na muda. Ukitikisa kichwa, chanuo linakugonga. Usiku, kanga iliyochakaa mpaka ikalainika inafungwa kichwani, na bibi anakwenda kulala.

Hapo hakuna siri yoyote. Kuna mafuta, maji, chanuo, kanga na mikono ya mtu mwingine.

Mafuta yenyewe

Pwani hii ni ya minazi, kwa hiyo mafuta hayakununuliwa. Nazi zilizokomaa zinakunwa kwa mbuzi, zinakamuliwa tui zito kwa kifumbu, tui linalala usiku kucha mpaka uzito wake unaelea juu. Uzito huo unaenguliwa na kuwekwa kwenye moto mdogo. Maji yanakauka, mashapo yanakuwa ya kahawia chini ya sufuria, na juu yanabaki mafuta meupe kama maji. Mwenye kupenda harufu anatia asumini. Kwa kuoshea, majani ya mkunazi yaliyotwangwa yalitoa povu bila sabuni. Mwezi wa Julai, kipupwe kikikaza, mafuta yanaganda kwenye chupa, maana ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa inawekwa juani kidogo, yanarudi.

Bibi hakuwa na maabara, ila alikuwa sawa. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha kwenye Journal of Cosmetic Science matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo zinapenya ndani ya unywele. Mengine yanakaa juu juu. Unywele ukiingia maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na mchezo huo ukirudiwa unauchosha. Mafuta yaliyotangulia yanapunguza uvimbe huo. Tusidanganyane lakini: mafuta hayaoteshi nywele. Yanazuia zilizokwisha kuota zisikatike, na kwa macho ya jirani hilo linaonekana kama kurefuka.

Kichwa cha nani?

Hata hivyo, si kila mwanamke wa pwani hii aliwahi kuwa na Alhamisi yake. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Siku hizo mavazi yalimtenga muungwana na mtumwa, na mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya waungwana. Bibi mwenye nyumba alikuwa na mikono ya wengine ya kumkunia nazi na kumsuka. Aliyemsuka hakuwa na muda wake mwenyewe. Nywele zinazong'aa zilikuwa tangazo la cheo kabla hazijawa urembo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, na kote pwani wanawake waliotoka utumwani walijitanda kanga kichwani kama waungwana. Ushungi ukawa haki, sawasawa na kukaa kitako saa mbili ukisukwa na mtu anayekupenda.

Swali la nani mwenye amri juu ya kichwa halikuishia hapo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969. Lengo kubwa lilikuwa Dar es Salaam, na orodha ya vilivyokatazwa ilikuwa na sketi fupi, suruali za kubana, mafuta ya kujichubua na mawigi. Wigi likaitwa adui wa utamaduni. Msuko wa uani Ngamiani haukumsumbua mtu, maana nani angeuona?

Pigo la kweli kwa Alhamisi ya bibi lilipita mlango mwingine kabisa, tena mlango mzuri. Azimio la Musoma la 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 wasichana wengi kuliko wakati wowote waliingia darasani. Ila shule nyingi za serikali zilitaka, na mpaka leo zinataka, kichwa kifupi, kwa sababu ya usafi na ili wote wawe sawa. Hoja hiyo ina mantiki yake kwa mtoto ambaye nyumbani hana wa kumsuka. Lakini angalia hesabu yake. Miaka ileile ambayo mjukuu angekaa katikati ya magoti akijifunza kwa kutazama na kuumia, kichwa hakina kitu cha kusuka. Anamaliza kidato cha nne ana miaka 17 au 18, nywele zinaanza kuota, na hajui azifanyeje.

Kisha ruksa

Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na mwenye mnazi uani alijisaidia. Baada ya 1985, kipindi kilichoitwa cha ruksa, bidhaa zikamiminika. Ikaja kalikiti, ikaja dawa ya kulainisha, saluni zikaota kila mtaa. Msichana aliyetoka shule bila ujuzi wa nyumbani alipata jibu tayari kwenye kopo.

Dawa inafanya kazi kweli. Inavunja vifungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo, na vikivunjika havirudi. Ikirudiwa juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa, zinakatika. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 33,497 ulionyesha uhusiano kati ya kutumia dawa hizo zaidi ya mara nne kwa mwaka na saratani ya mji wa mimba: kwa wasiotumia, makadirio ya kuugua kufikia miaka 70 ni asilimia 1.64, kwa watumiaji wa mara kwa mara 4.05. Uhusiano si uthibitisho, na idadi bado ni ndogo, ila si wa kupuuzwa.

Bibi naye alikuwa na makosa yake. Wapo waliosuka kwa kuvuta mpaka macho yakawa membamba, na kuvuta huko ndiko kunakoleta kipara cha pembeni, iwe kwa uzi wa zamani au kwa rasta za leo. Wapo waliopaka watoto mafuta ya taa kuua chawa, jambo la hatari. Hayo tuyaache.

Ya kubakiza ni machache: mafuta kabla ya maji, chana zikiwa na unyevu ukianzia nchani, suka bila kuvuta, funika usiku, na rudia kila wiki hata kama hakuna harusi. Mafuta ya nazi leo yanauzwa dukani kwa chupa, yana lebo nzuri. Kigumu kupata ni ile saa mbili ya Alhamisi, na mtu wa kukaa naye. Kwenye nyumba ambayo bibi bado yupo na binti kamaliza mtihani juzi, mkeka ni wa kutandika tu.