Njia ya Kivuli: Kutoka Principe hadi Rujewa

Kivuli cha mwezi kimeizoea njia ya kusini mwa Tanzania. Tarehe 1 Septemba 2016 kilitokea Gabon, kikakata Kongo, kikaingia kwetu upande wa magharibi, kisha kikashika njia ya Msumbiji, Madagaska na Réunion. Miaka 97 kabla ya hapo, tarehe 29 Mei 1919, kivuli kingine kilikuwa kimepita njia inayokaribiana sana na hiyo: pwani ya Afrika Magharibi, kisiwa cha Principe, msitu wa Kongo, kusini mwa Tanganyika, hadi Msumbiji. Nimezifuata safari hizo mbili katika ramani na maandishi, na kila nikizirudia naona jambo lilelile. Mara ya kwanza Waafrika waliitwa kubeba mizigo. Mara ya pili waliitwa kutazama.

Kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919 ndiko kulikomfanya Albert Einstein ajulikane dunia nzima. Alikuwa amedai kwamba mwanga wa nyota unaopita karibu na jua hupindishwa kidogo na uzito wa jua lenyewe. Hilo haliwezi kupimwa mchana wa kawaida, kwa kuwa jua huzifunika nyota zote. Lazima mwezi ulizibe jua, giza liingie, nyota za jirani zionekane na kupigwa picha. Waingereza wakatuma vikosi viwili: kimoja Sobral, Brazil, na kingine Principe, kikiongozwa na Arthur Eddington akiwa na fundi wa saa, Edwin Cottingham.

Eddington na Cottingham walifikia Roça Sundy, shamba la kakao. Principe ya siku hizo ililimwa na vibarua waliotolewa Angola na kwingineko kwa mikataba isiyotofautiana sana na utumwa, hata kampuni za chokoleti za Uingereza zikaisusia kakao ya visiwa hivyo mwaka 1909. Katika ripoti ya wanasayansi hao, iliyotoka mwaka 1920, kuna sentensi moja ambayo huwa naisoma polepole. Inasema vyombo vilifikishwa shambani kwa reli ndogo, ila kulikuwa na kipande cha kama kilomita moja msituni ambapo ilibidi vibebwe na wapagazi wenyeji. Basi. Lenzi zilizobadili fizikia zilipita mabegani mwa watu ambao ripoti haikuandika hata jina moja lao.

Siku yenyewe mvua kubwa ilinyesha asubuhi. Jua lilipozibwa kabisa, kwa dakika 5 na sekunde 2, mawingu yalikuwa bado yametanda. Eddington alisimama hapo akibadilisha sahani za picha mfululizo, akipata nafasi ndogo tu ya kuinua macho. Alipiga picha 16. Chache tu za mwisho ndizo zilizonasa nyota vya kutosha. Novemba 6, matokeo ya vikosi vyote viwili yakatangazwa London.

Lakini kivuli hakikusimama Principe. Kiliendelea mashariki kwa kasi, na huku kwetu kilifika jua likiwa limeshainamia machweo. Kiliikuta nchi iliyochoka. Nusu mwaka tu ilikuwa imepita tangu Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, asalimu amri Abercorn, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi wa vita walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na homa kali ya mafua ilikuwa imepita vijijini baada yao. Juu ya watu hao, jioni ile, jua likafutika kabla ya wakati wake. Hapakuwa na darubini wala mwandishi. Aliyekuwa shambani alibaki na macho yake, mzee wa karibu, na dua.

Dua, hata hivyo, si kitu kidogo, na hapa pwani ina historia ndefu. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa Madina. Wataalamu wa falaki wanaikadiria siku hiyo kuwa 27 Januari 632. Watu wakasema jua linamlilia mtoto. Mtume, pamoja na huzuni yake, akawakataza: jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, mkiona, salini. Kwa hiyo mwenyeji wa Lamu au Unguja anayeingia msikitini jua linapopatwa, akasali rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, anafuata mafundisho yaliyokataa ushirikina wa kupatwa kwa jua zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Eddington kuzaliwa. Sipendi tunapoambiwa kwamba babu zetu walikuwa na hofu tu.

Baada ya 1919 vivuli vingine vilipita. Tarehe 30 Juni 1973 wanasayansi walipiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo leo linaitwa Turkana, huku ndege ya Concorde ikikimbizana na kivuli angani juu ya Sahara kwa dakika 74. Februari 16, 1980, kivuli kikapita tena Tanzania na Kenya.

Kisha, Septemba 2016, ikaja zamu ya Rujewa, Mbarali, katika bonde la Usangu lenye mpunga. Safari hii mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kulifunika jua lote, ukaacha duara la moto pembeni; ndiko kupatwa kipete. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa ameelimisha watu kwa muda mrefu kuhusu anga. Walikuja wageni na watafiti, lakini walionivutia ni wanafunzi waliovaa sare. Miwani maalumu haikutosha, ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akihesabiwa zamu yake kwa sauti. Mama mmoja alikuja na beseni la maji ili atazame taswira ya jua humo, kama alivyofundishwa utotoni. Wakamweleza kwamba mwanga unaoakisiwa nao huumiza jicho, wakampa miwani.

Karibu na saa sita mchana joto likapungua, mwanga ukawa hafifu kama unaopita kwenye moshi. Chini ya mti, vidoa vya jua vinavyopenya kati ya majani viligeuka vyote kuwa pete, mamia ya pete vumbini. Kila upenyo mdogo kati ya majani ulikuwa unachora sura ya jua. Kijana mmoja wa sekondari alilieleza hilo kwa wadogo zake, akakunja vidole kutengeneza tundu, na pete ikatua kwenye daftari lake. Ilidumu kama dakika tatu.

Tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kipete kutapita tena Tanzania, kukitokea Angola. Mwanafunzi wa miaka kumi aliyekuwa Rujewa atakuwa na miaka ishirini na mitano. Ningependa miwani iagizwe mapema safari hiyo, ya kutosha shule zote za njiani, na wanafunzi wapewe daftari waandike wenyewe walichokiona, na majina yao yawe juu ya ukurasa.