Nyungu, Mkaratusi na Neno Kinga

Mwezi wa nne mwaka 2020 mikaratusi ya Bariadi, mkoani Simiyu, ilinyolewa. Ukitoka mjini kuelekea Nyakabindi uliikuta imesimama kando ya barabara, mashina matupu mpaka pale mkono wa mtu mrefu unapofika, na majani yakianzia hapo kwenda juu, kama mtu aliyevaa kofia bila shati. Matawi yaliingia mjini yamefungwa nyuma ya baiskeli. Sokoni yaliuzwa kwa mafungu, yamelazwa karibu na tangawizi, malimao na mchaichai, na akina mama waliokuwa wakiuza dagaa wiki iliyotangulia walihamia kwenye majani.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa Machi 16, huko Arusha. Aprili 22, akiwa Chato, upande wa pili wa ziwa, Rais John Magufuli alizungumzia kujifukiza, akieleza kwamba joto la mvuke unaozidi nyuzi 100 huyeyusha mafuta yanayokifunika kirusi. Muda mfupi baadaye zikatangazwa takwimu ambazo zingebaki kuwa za mwisho kwa muda mrefu: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kila nyumba ilibaki na nyungu yake na hesabu yake.

Msukuma hakuwa na haja ya kufundishwa kupiga nyungu. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu mzima wa afya, aliyetoka kulima pamba au kufunga duka lake akiwa hana hata mafua, naye alijifunika blanketi jioni, na ukimuuliza anaumwa nini anakujibu: siumwi, naongeza kinga. Sentensi hiyo bibi zetu wasingeielewa. Majani wangeyatambua kwa harufu tu, lakini neno lingewachanganya.

Bibi yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita mayu, alikuwa na chungu cha kazi hiyo peke yake, kimeungua tako, ukingo umemeguka upande mmoja. Hakikupikiwa chakula. Alikijaza majani kwanza, ndipo akamimina maji, akafunika kwa chungu kingine kidogo na kuziba mwanya kwa majani mabichi ili harufu isipotee. Kikishachemka, alikiepua kwenye mafiga akakiweka mbele ya kigoda. Mgonjwa anakaa, miguu ameipanua, blanketi zito la mistari linashushwa kichwani hadi chini. Kifuniko hakiondolewi chote. Kinasogezwa kidogo, mvuke unatoka, unapumua, unakohoa, unalia kwamba unakufa, naye anakuambia kwa utulivu kwamba bado. Kila mvuke ukipungua anachovya kijiti ndani, anakoroga, harufu inapanda upya. Mwisho anakukausha jasho kwa kanga na kukulaza, na ole wako utoke nje upigwe na upepo.

Ilikuwa tiba ya homa, kichwa, viungo na kifua. Ilianza mtu alipougua na ikakoma alipopona. Kwa Kisukuma dawa ni bugota, na bugota ya nyungu haikuwa ya siri. Kila mama aliijua, tofauti na ile ya nfumu, yaani mganga, ambayo ilikuwa na masharti na malipo.

Mwaka 2020 tuliambiana kwamba tunarudi kwenye tiba za wahenga. Sasa tazama kilichokuwa ndani ya chungu. Mlimao asili yake ni Asia, na mwembe vilevile. Mwarobaini ulitoka pande za India, mchaichai na tangawizi ni wa Asia pia. Mpera ulivuka bahari kutoka Amerika. Mkaratusi, mfalme wa nyungu ya korona, ni mti wa Australia. Katika mkusanyiko wote huo mwenyeji ni kivumbasi, ambacho huota chenyewe kando ya njia na ambacho mwaka ule hakuna aliyekichangamkia sana. Simsemi mtu vibaya. Wahenga walikuwa watu wa kujaribu: kilichonukia vizuri na kikatoa jasho kilikaribishwa chunguni, na vizazi viwili baadaye kikawa cha asili.

Mkaratusi una historia ya kuandikwa. Katika miaka ya 1850, mjini Melbourne, mfamasia Joseph Bosisto, akishirikiana na mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller, alianza kukamua mafuta ya majani yake kwa biashara, na kabla karne haijaisha yalikuwa yakiuzwa Ulaya kama dawa ya kifua na ya kusafishia vidonda. Mti wenyewe ukasambaa kwa sababu nyingine kabisa: unakua haraka, unatoa kuni na nguzo, na wazungu wa wakati huo waliamini unakausha vinamasi na kufukuza homa. Huku kwetu Wajerumani walifungua kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, wakajaribu humo miti ya kila pembe ya dunia.

Usukumani mkaratusi ulikuta ardhi yenye njaa ya miti. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihimiza kufyeka mapori ili kuwaondoa mbung'o, pamba ikadai mashamba mapya, ng'ombe wakaongezeka. Wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado wilaya za Shinyanga, hali ilifikia mahali ambapo mama alipikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Ngitili zilirudisha miti ya kienyeji, na waganga waliokuwa wakisafiri mbali kutafuta mizizi wakaanza kuipata karibu na nyumbani. Mkaratusi wenyewe ulibaki kuwa mti wa uani na wa mpakani, unaolaumiwa kila mwaka kwa kunywa maji mengi na kupandwa tena kila mwaka.

Kabla ya kichupa cha mafuta ya mkaratusi kufika madukani kilitangulia kikopo. Viksi, ambayo imepakwa vifuani mwa watoto wa nchi hii kwa miaka mingi, ilitengenezwa miaka ya 1890 na mfamasia Lunsford Richardson wa North Carolina, Marekani, kwa kuchanganya mentholi, kafuri na mafuta ya mkaratusi. Ilipata utajiri wake katika homa kuu ya mafua ya 1918, ile ile iliyopita Tanganyika ikiwa bado imechoshwa na vita vya Wajerumani na Waingereza. Tauni ikija, harufu kali hupata soko. Ilikuwa hivyo Marekani mwaka 1918 na ikawa hivyo Bariadi miaka 102 baadaye.

Turudi kwenye neno. Kinga, kwa mtu wa Simiyu wa zamani, haikuwa kitu cha damu wala cha seli. Ilikuwa zindiko la boma, hirizi ya mtoto, dawa ya kumzuia mwenye husuda. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana tangu karne ya 19 na ambavyo waanzilishi wake, Ngika na Gumha, walisifika kwa dawa kuliko kwa kucheza, hawakuingia uwanjani baada ya mavuno bila kinga. Ilipakwa, ilinywewa, na mara nyingi ilitiwa kwa chale: nfumu anachanja ngozi kwa wembe, anasugua unga mweusi. Ukitaka kujua kinga ya namna hiyo bado ina wateja, taja Gamboshi mbele ya dereva wa basi lolote nchini. Kijiji hicho cha Bariadi kimebebeshwa hadithi za uchawi kiasi kwamba wakazi wake wakienda ugenini hufikiria mara mbili kabla ya kusema wanakotoka.

Hospitali ilipokuja ilikuta maneno tayari yapo, ikayaazima. Kuchanja kwa wembe kukazaa chanjo ya sindano. Kinga nayo ikaazimwa, lakini ilikaa katika vitabu vya wauguzi hadi ulipoingia ugonjwa uliopewa jina lake. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na jina lililokuja kutulia vinywani, UKIMWI, ni kifupisho cha upungufu wa kinga mwilini. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Itilima alisikia redioni kwamba ana kinga ndani yake, aliyozaliwa nayo, na kwamba inaweza kupungua.

Kama inapungua, basi itaongezwa. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa. Mabango ya waganga barabarani yakaanza kuandika maneno hayo mawili, kuongeza kinga, chini ya orodha ndefu inayoanzia nguvu za kiume na kuishia kurudisha mali iliyopotea. Mwaka 2011 Kanda ya Ziwa ilihamia Loliondo: mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Samunge, alitoa kikombe kwa shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga, na foleni ya magari ikahesabiwa kwa kilomita. Waliokwenda na virusi wakiamini wamepona waliacha vidonge, na wapo ambao hawakuwahi kurudi kliniki.

Hivyo korona ilipofika, neno lilikuwa limekwisha kukomaa. Nyungu ikavikwa kinga. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ikatoa dawa ya maji ya viungo, NIMRCAF. Februari 1, 2021, Waziri wa Afya Dorothy Gwajima alionekana mbele ya kamera akielekeza namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili, na kusema wizara haikuwa na mpango wa kupokea chanjo. Muhimbili vikawekwa vibanda vya kujifukizia. Magufuli alifariki Machi 17 mwaka huohuo. Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam.

Kichupa kiliingia katikati ya hayo yote. Cha mililita kumi, cha kahawia, na kwenye lebo, kama imetafsiriwa kwa haraka, utasoma "mafuta muhimu", kana kwamba ya alizeti tunayokaangia si muhimu. Muuzaji hana habari na lebo, anasema mafuta ya mkaratusi, ya mchaichai, ya karafuu. Hayo ya karafuu yana kiwanda hapa nchini, Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, ambako hukamuliwa makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Na kiwanda kile, ukiondoa ukubwa, ni nyungu ya bibi yangu iliyoongezewa bomba. Mvuke unapita kwenye mimea, unabeba mafuta, unapozwa, maji na mafuta vinaachana; ya karafuu huzama chini, ya mkaratusi huelea. Sineoli, kiungo kikuu cha harufu ya mkaratusi wa mafuta, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 176, ila ikipata maji yanayochemka hutoka mapema imepanda juu ya mvuke. Mayu alipoziba mwanya kwa majani alikuwa akizuia hasara ileile anayoizuia fundi wa Wawi.

Je, hayo mafuta yanaongeza kinga? Maabara zimeona mara nyingi kwamba yanaua bakteria kwenye kisahani, lakini mwili si kisahani, na hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kuyanusa kunamkinga binadamu na virusi. Mvuke wenyewe, ulipopimwa kwa wenye mafua, haukuonyesha faida ya kutegemewa. Mentholi, ile ya viksi, huamsha mishipa ya kuhisi baridi, ukajiona pua imefunguka hali haijafunguka. Na joto lile la nyuzi 100 lipo ndani ya chungu tu. Likikufika usoni likiwa hivyo, umeungua, na mapafu yatabaki na nyuzi zake 37 au homa yake. Maji ya nyungu yaliyomwagika mapajani mwa mtoto ni jeraha la kweli, na mililita chache za mafuta ya mkaratusi zikinywewa na mtoto zinaweza kumtia degedege. Kichupa hakina kifuniko cha kumzuia.

Lakini sitakubali nyungu ihesabiwe kwa mizani hiyo peke yake. Kwa bibi yangu haikuahidi kumzuia mtu asiugue kesho. Iliahidi jasho, usingizi, na mtu wa kukaa nawe hadi maji yapoe, na katika hayo sikumbuki ilipotudanganya.

Mikaratusi ya njia ya Nyakabindi imeota tena, matawi yamerudi hadi chini. Siku hizi inakatwa kwa ajili ya mirunda ya wajenzi, maana Bariadi tangu iwe makao makuu ya mkoa mwaka 2012 haijaacha kujengwa. Mirunda hupangwa kwa urefu, hupakiwa, huondoka. Majani huachwa palepale, na mbuzi hawayataki. Nilimkuta mama mmoja akiyasukuma kwa reki kuelekea mtaroni, nikamuuliza fungu anauza bei gani.

"Chukua tu, baba," alisema. "Yanatuzibia njia."