Mbege ya Jirani Mgeni na Zamu Yetu ya Mfongo

Ndugu wanaumoja,

Mwaka huu tunachangia ukarabati wa banio la mfongo wetu. Baadhi yenu mmeuliza, na ni haki yenu: sisi tunaoishi Dar es Salaam na kwenda nyumbani Desemba tu, maji hayo yanatuhusu nini? Jibu limo katika namna wazee wetu walivyompokea jirani mgeni.

Zamani Uchagani mtu hakujihamia tu. Aliyetaka kihamba alikiomba kwa mangi au kwa wazee wa ukoo, na ombi liliambatana na mbege. Mbege ya ndizi na ulezi haitengenezwi kwa siku moja, hivyo aliyeileta alionekana amedhamiria kukaa. Mwenye mbege alionja kwanza, kisha kata ikazunguka. Walioinywa ndio waliokuwa mashahidi. Mpaka ukigombaniwa, waliitwa wao, wakaonyesha masale yalipopandwa.

Maji nayo yaliombwa hivyo hivyo. Mfongo ulikuwa na wenyewe, yaani ukoo uliouchimba. Jirani mpya alipeleka mbege, akapewa zamu ya maji, na tangu hapo jembe lake lilihesabiwa kila mfongo uliposafishwa. Asiyetokea kazini alitozwa faini, na mara nyingi faini yenyewe ilikuwa mbege.

Wenyeji pia walitoa. Mwenye ng'ombe wengi alimwekesha jirani mmoja wao. Mlezi akapata maziwa na samadi ya migomba, mwenye mali akabaki na ng'ombe wake. Sisi wa vitabu vya hesabu tumezoea kufunga hesabu mwisho wa mwaka. Wazee waliziacha wazi makusudi. Walijua kwamba watu wasiodaiana chochote huacha hata kubishiana hodi.

Kisha kahawa ikaleta fedha. Wakulima waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Kahawa ilisomesha wengi wetu na wazazi wetu. Lakini vihamba viligawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vikawa vidogo, na vijana wakaenda kutafuta maisha mbali. Ndivyo tulivyofika mjini.

Hata hivyo kihamba hakikuhama. Migomba yetu bado inanyweshwa na mfongo ule ule, na waliobaki, wengi wao wazee, wanafanya kazi ya majembe yao pamoja na yetu. Banio likibomoka kabisa, hawataweza kulijenga peke yao.

Kwa hiyo mchango huu tusiuite msaada kwa watu wa kijijini. Ni zamu yetu, iliyokubaliwa na aliyepeleka mbege kwa niaba yetu kabla hatujazaliwa. Kila atakayechangia atapewa risiti, na mapato na matumizi yote yatasomwa nyumbani kwenye mkutano wa Desemba, mbele ya majirani.

Karibuni tulipe.