Sabato katika shule za umma

Katika vilima vya Gusii, kuanzia Nyakoe hadi Nyamira, Waadventista Wasabato ni wengi, na Wakatoliki pia. Shule ya umma yenye vipindi vya Jumamosi humweka mtoto wa Msabato njia panda: darasa au ibada.

Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 chasema hakuna dini ya Serikali. Kifungu cha 32 chakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Hata hivyo, Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya kanisa hilo. Mnamo Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba wanafunzi Wasabato wasamehewe masomo na kazi tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi.

Utengano wa Kenya, hata hivyo, si ukuta. Elimu ya dini imo katika mtaala, nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humpa mfadhili, ambaye aghalabu ni kanisa, malezi ya kiroho ya wanafunzi, ila humtaka alinde imani ya wasio waumini wake.

Hijabu haikupata bahati hiyo. Ruhusa iliyotolewa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, katika kesi ya shule moja ya Isiolo, ilitenguliwa na Mahakama ya Juu mnamo Januari 2019, kwa hoja ya utaratibu.