Kabla ya Jina la Higgs

Uandishi wa habari umenizoesha swali moja: nani alianza? Ukiliuliza kuhusu "chembe ya Higgs", ambayo CERN ilitangaza kuipata tarehe 4 Julai 2012, jibu linakurudisha Chicago ya miaka ya 1950, kwa Mjapani aitwaye Yoichiro Nambu.

Mwaka 1957 Nambu alimsikiliza kijana Robert Schrieffer akieleza kwa nini baadhi ya metali, zikipozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Hesabu zilikubali. Ila Nambu aliona jambo la kutia shaka: nadharia ile ilionekana haihifadhi chaji ya umeme, na hapo fizikia haina msamaha. Wengine wangechukua matokeo wakaenda zao. Yeye alikaa na swali hilo karibu miaka miwili.

Jibu lake lilikuwa hili: sheria yenyewe ina ulinganifu kamili, haipendelei upande wowote, lakini hali ambamo metali imetulia hauonyeshi ulinganifu huo. Hebu fikiria duara la ngoma. Hakuna kanuni inayosema mzunguke kulia au kushoto. Mmoja akianza kulia, wote wanafuata. Kanuni iko palepale. Ulinganifu ndio umevunjika.

Mwaka 1961, Nambu na Giovanni Jona-Lasinio, kijana kutoka Italia, walilipeleka wazo hilo kwenye chembe za kiini cha atomu: fermioni zisizo na tungamo, zikivutana kwa nguvu ya kutosha, hupata tungamo. Mwaka huohuo Jeffrey Goldstone akalionyesha kwa uga wa skala. Mwaka 1964 wakaja Robert Brout na François Englert, kisha Peter Higgs. Mwaka 1967 Steven Weinberg akaviunganisha: uga wa skala, ukitulia kwenye thamani isiyo sifuri, huipa elektroni tungamo. Na elektroni isiyo na tungamo haiwezi kujenga atomu. Yaani wewe na mimi tusingekuwepo.

Nambu alipewa Nobel mwaka 2008, akiwa na miaka 87. Hakusafiri kwenda Stockholm. Mhadhara wake ulitolewa na Jona-Lasinio, ambaye mwenyewe hakuwemo kwenye tuzo.

Sina ugomvi na Higgs. Jina fupi linauza gazeti, hilo nalijua vizuri. Lakini ukilisoma tena, mkumbuke na yule aliyekataa kufumbia macho kasoro kwenye hesabu ambayo tayari ilikuwa inatoa majibu sahihi.