Dawa ya maumivu haikusaidii tena? Mweleze daktari hivi

Ulianza na kidonge kimoja cha diklofenaki, ukalala usingizi. Sasa unameza vitatu na mgongo bado unauma. Hali hii huwapata wengi wenye maumivu ya miezi au miaka: aliyebeba mikungu ya ndizi tangu ujana, mzee mwenye magoti mabovu, mgonjwa wa kansa, au mwenye kisukari ambaye miguu inawaka moto usiku.

Jambo la kwanza: usijiongezee dozi. Diklofenaki na ibuprofeni zikizidi huchubua tumbo hadi kutoa damu, na huharibu figo. Kubadilisha boksi kwenye duka la dawa muhimu huenda kusisaidie, maana dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Parasetamoli nayo, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini anahitaji pungufu ya hapo.

Kwa nini dawa inagoma?

Sababu si moja, na kila moja ina tiba yake.

- Mwili umeizoea dawa. Hutokea hasa kwa tramadoli na mofini.
- Ugonjwa wenyewe umeongezeka.
- Dawa si ya maumivu hayo. Maumivu ya mishipa ya fahamu, ya kuwaka au kuchoma kama sindano, mara nyingi hayasikii diklofenaki. Daktari anaweza kuandika dawa nyingine, kama amitriptilini.
- Unasubiri maumivu yazidi ndipo umeze, wakati uliambiwa umeze kwa saa maalumu.

Kabla ya kwenda

Kwa siku 7, andika kwenye daftari au simu: umemeza nini, saa ngapi, na maumivu yalikuwa kiasi gani kutoka 0 hadi 10. Beba maboksi yote ya dawa. Taja pia mubilizi na dawa nyingine za kienyeji, pamoja na rubisi au gongo. Pombe ukichanganya na tramadoli au mofini inaweza kukata pumzi. Kama mzee anaeleza vizuri zaidi kwa Kihaya, aende na mtu wa kumtafsiria.

Sema wazi

“Daktari, zamani dawa hii ilinituliza kutwa nzima. Sasa baada ya saa mbili maumivu yanarudi. Siwezi kuinama kupalilia, na usiku silali. Nimejiongezea, nameza vidonge vinne kwa siku.”

Usifiche hilo la mwisho kwa kuogopa kugombezwa. Akipewa hesabu ya uongo, daktari atapanga dozi ya uongo. Kisha uliza: Maumivu haya yanatoka wapi? Kuna dawa au mazoezi mengine? Nikitaka kuacha hii, niipunguze vipi? Tramadoli na mofini uliyotumia muda mrefu haziachwi ghafla.

Anzia zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa, omba rufaa, kwa mfano Rubya, Ndolage au Kagondo kwa watu wa Muleba, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba. Mwenye kansa aulizie tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa. Kuandikiwa mofini si kuambiwa kwamba unakufa. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeielekeza kwa maumivu makali ya kansa.

Usisubiri siku 7

Nenda hospitali leo ukiona kinyesi cheusi kama lami, unatapika damu, mkojo umepungua sana, miguu imekufa ganzi ghafla au huwezi kuzuia haja. Mgonjwa aliyemeza tramadoli au mofini akilala fofofo na kupumua polepole, mkimbizeni hospitali hapo hapo.