Bia ya Moto na Bia Baridi: Historia ya Maneno Mawili

Mtu akiagiza bia katika baa ya Tanzania, na mahali pengi pa Kenya vilevile, haimtoshi kutaja jina la bia aitakayo. Huulizwa: "Ya moto au baridi?" Mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni hushangaa, kwa kuwa maji ya moto, kwa jinsi alivyofundishwa, ni yale yaliyotelekwa jikoni. Lakini bia hiyo hakuna aliyeitia motoni. Imetolewa katika kreti, ikafunguliwa, ikaletwa mezani. Mfasiri asiyejua desturi huandika kwa lugha yake kwamba watu wa Afrika Mashariki hunywa bia iliyochemshwa. Naye mtu wa mjini mwenye majivuno hudai kwamba apendaye bia ya moto ni mshamba ambaye bado hajazoea jokofu. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba baridi ndiyo hali ya asili ya bia, na kwamba moto ni upungufu wake. Historia ya bia haikubaliani na dhana hiyo, wala lugha haikubaliani nayo.

Yafaa kuanza na bia yenyewe. Bia za Ulaya zimegawanyika katika koo kuu mbili kwa kadiri ya hamira zake. Hamira ya ukoo wa kwanza hufanya kazi katika joto la nyuzi 15 hadi 24 za sentigredi, na aghalabu hupanda juu ya pipa. Katika ukoo huo zimo eli za Uingereza, pamoja na pota, bia nyeusi iliyopata sifa London katika karne ya 18. Hamira ya ukoo wa pili hufanya kazi polepole katika nyuzi 7 hadi 13, ikatuama chini, kisha bia hulazwa ghalani kwa majuma mengi. Hiyo ndiyo laga, na jina lake latokana na kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kuweka akiba.

Laga ilikuwa bia ya nchi zenye majira ya baridi. Huko Bavaria, mwaka 1553, mtawala alikataza bia isipikwe kati ya 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi iliharibika upesi. Mwaka 1842, katika mji wa Pilsen huko Bohemia, Josef Groll alipika laga ya rangi ya dhahabu iliyoigwa baadaye ulimwenguni kote. Katika miaka ya 1870 Carl von Linde aliunda mashine za kutia baridi kwa ajili ya viwanda vya bia, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen wa Copenhagen alifaulu kuitenga hamira safi ya laga. Tangu hapo laga ikaweza kupikwa popote, hata penye jua kali.

Kila ukoo ulikuwa na desturi yake ya kunywewa. Eli ya pipa ya Uingereza hutolewa katika nyuzi 11 hadi 13, yaani kadiri ya ubaridi wa ghala lililo chini ya nyumba; laga hutolewa ikiwa baridi zaidi. Ndiyo sababu Waingereza husimangwa na wageni kwamba hunywa bia yenye joto, ilhali nyuzi 12 si joto kwa mkono wa mtu yeyote. Tayari hapo yaonekana kwamba neno la joto, likitajwa juu ya bia, halipimi kinywaji peke yake, bali hukilinganisha na kile ambacho msemaji amekizoea.

Katika Afrika Mashariki mazoea hayo yana mizizi ya kale. Jamii ya maneno kama *ubwalwa* la Kibemba, *utshwala* la Kizulu, *bojalwa* la Kitswana na *malwa* la magharibi mwa Kenya na la Uganda yashuhudia kwamba Wabantu walikuwa na neno la pombe kabla hawajatawanyika. Pombe za nafaka hazikungoja baridi ya ghala. Mbege ya Wachagga, itengenezwayo kwa ndizi na kimea cha ulezi, na kutiwa uchungu kwa gamba la msesewe, hunywewa ingali ikichacha. Malwa huenda mbali zaidi: machicha ya ulezi hutiwa chunguni, yakamiminiwa maji ya moto, na wanywaji wakaketi kuuzunguka mtungi na mirija yao mirefu. Hapo pombe ni ya moto kweli kweli, wala hakuna aionaye kuwa na kasoro.

Bia ya chupa ilikuja baadaye. Kiwanda cha Ruaraka, karibu na Nairobi, kilianzishwa mwaka 1922, na cha Dar es Salaam mwaka 1933. Kwa muda mrefu bia hiyo haikuwa ya wote: nchini Kenya sheria ilimkataza Mwafrika asinywe bia ya Kizungu hadi miaka ya 1940. Sheria ilipolegezwa, chupa zilifika vijijini upesi kuliko nyaya za umeme. Basi watu wengi waliijua laga, bia iliyozaliwa katika baridi, ikiwa na joto la chumba. Ladha ile waliyoionja kwanza ndiyo waliyoiita ladha ya bia.

Wapo wasemao kwamba sababu ni hiyo tu, yaani uhaba wa majokofu, na kwamba umeme ukienea bia ya moto itatoweka. Hoja hii yaeleza mwanzo wa desturi, lakini haielezi kudumu kwake. Hadi leo mnywaji huagiza ya moto hali jokofu limejaa na liko mbele ya macho yake. Ukimwuliza sababu, atakuambia kwamba baridi humletea kikohozi, au kwamba bia baridi haina ladha.

Neno hili la pili si porojo. Kinywaji kikiwa baridi sana, harufu yake haipandi puani vizuri, na ulimi nao huzizima. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba mlango mmoja wa chembe za ulimi zipokeazo ladha huitikia zaidi joto likipanda kutoka nyuzi 15 hadi 35, na kwamba utamu huhisika kwa nguvu zaidi kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, gesi hukaa zaidi katika kioevu kilicho baridi. Kwa hiyo bia baridi huchoma ulimi na kukata kiu, ilhali ile ya moto hufura povu upesi na kudhihirisha utamu wa kimea. Wanywaji hawa wawili hawatofautiani kwa ustaarabu. Kila mmoja anachagua kitu tofauti katika chupa ileile.

Sasa turudi kwenye maneno. Bia ya moto katika Njombe, mwezi wa Julai, huweza kukaribia ubaridi wa eli ya ghala la Uingereza. Bia ya moto ya Dar es Salaam, mwezi wa Februari, hupita nyuzi 28. Zote mbili huitwa ya moto, wala hakuna aitaye mojawapo vuguvugu. Kwa hiyo *moto* hapa halitaji kipimo cha joto, bali hali: ni kinywaji ambacho hakikupozwa. Soda nayo husemwa vivyo hivyo. Kwa maji, ambapo *maji ya moto* yalikwisha kuwa na maana yake, watu wengi husema *maji ya kawaida* ili kuepuka utata.

Mwenzake, *baridi*, lina historia kama hiyo. Neno hili la asili ya Kiarabu lilikwisha kuuacha ubaridi katika *maji baridi*, kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi, na katika *vinywaji baridi*, yaani visivyo na kileo. Ndiyo maana mtu huweza kuagiza kinywaji baridi cha moto bila kujipinga.

Kamusi itakayoeleza *moto* kwa kuunguza peke yake itamwacha msomaji mlangoni mwa baa. Yapasa iongezwe maana hii: "(ya kinywaji) isiyotiwa baridi." Ni maneno machache, nayo yatamwepusha mfasiri na kosa, na mnywaji na dharau asiyostahili.